Mtu wa Kitabu cha Kijani: Kumuaga Suresh Vadgama

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1993, Bwana Suresh Vadgama atatundika aproni yake kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Ameitumikia karakana yetu ya kujalidi vitabu hapa Hayes, London, kwa miaka ishirini na mitano na miezi mitatu. Kwa muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, asubuhi aliyosimama kumtazama korongo wa kijivu kwenye mfereji akasahau kwamba ana mwajiri.

Ukurasa wa Kiingereza wa jarida hili, ulioandikwa na msimamizi wetu Jennifer, umeshataja vyeti vyake na tuzo ya usalama kazini. Huu ni ukurasa wetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki, na mwenyewe ndiye aliyeomba niuandike mimi, Mwanabaraka Himid wa meza ya kushona. Alinipa sharti moja, nisimpambe. Waliozoea wasifu wenye vigelegele wanisamehe. Mimi nimekaa naye meza kwa meza tangu siku yake ya kwanza, na mengi niliyoyaona si ya kushangilia.

Alifika London Februari 1968 akiwa na umri wa miaka arubaini, katika zile wiki ambazo Wahindi wa Kenya walikuwa wakigombea viti vya ndege kabla Uingereza haijafunga mlango. Kisumu alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule ya sekondari. Hapa walikitazama cheti chake cha ualimu, wakakikunja vizuri, wakamrudishia. Aprili akaja kwetu kupaka gundi. Mimi nilikuwa nimetangulia miaka miwili, nimetoka Unguja baada ya yale yaliyotukuta kwenye mapinduzi, nikidhani sitasikia tena Kiswahili kazini. Akaniuliza, "Mama, gundi iko wapi? Hii yote nakauka." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Miaka imepita na Kiswahili chake kimenyooka, nami nadai sifa zote.

Wiki ya tatu ndipo alipokutana tena na kile kitabu. Tangu zamani kilikuwa kipenzi chake darasani, mkusanyiko wa maandishi ya Wamarekani wa karne iliyopita, watu waliochoshwa na miji na maduka. Walifundisha kwamba mto na jani la mti vinasema ukweli ambao mahubiri hayaufikii. Walisema mtu apunguze mali mpaka abaki na kile asichoweza kuishi bila yake. Zaidi ya yote walisema kwamba ndani ya kila mtu kuna taa yake, aifuate hiyo, asikodolee macho taa ya jirani wala kukimbia na kundi. Maktaba za mjini zilikuwa zikikinunua kwa ajili ya madarasa ya jioni, zikituletea tukivishe jalada gumu la kitambaa cha kijani. Hapa karakanani tukakiita Kitabu cha Kijani, ingawa vitabu vya kijani tunavyo elfu.

Wengine hukisoma kitabu kama hicho, wakakifunga, wakaenda kununua seti ya sofa. Suresh alikifuata. Alipanga chumba kimoja, akawa na sahani moja, kijiko kimoja na mashati mawili, moja mwilini, moja kwenye kamba. Simu hakutaka, redio hakutaka, mke hakutaka. Chakula cha mchana alikula nje kando ya mfereji, chini ya mti wake mmoja, kiangazi na kipupwe. Siku moja ya theluji, Tarsem wa mashine ya kukatia, Singasinga wa Nakuru ambaye hana breki mdomoni, alifungua dirisha akampigia kelele, "Sureshbhai, rudi ndani, hata ndege wameomba ruhusa!" Yeye akajibu kwa kile Kiswahili chake cha siku zile, "Miti iko. Watu ya nini?"

Maneno hayo yalikuwa wimbo wetu wa kumtania kwa miaka. Miti iko, watu ya nini. Leo siwezi kuyaandika bila kuweka kalamu chini kidogo.

Nilibishana naye sana. Nilimwambia mimi nimelelewa kuamini kwamba sala ya jamaa ina thawabu kuliko ya mtu peke yake, na kwetu tunasema mtu ni watu. Akanijibu kwamba kundi ndilo lililonitoa Unguja na kundi ndilo litakalowatoa Wahindi Afrika yote, basi afadhali mtu ajizoeze kutomhitaji yeyote. Jibu hilo lilinikata maini, maana lilikuwa na ukweli. Lakini nilihisi kuna kitu hakikai sawa, nikashindwa kukitaja. Nimekuja kukijua baadaye: aliyeondoka nyumbani kwa hiari yake na aliyefukuzwa hawalali usingizi mmoja, hata wakilala chini ya mti uleule.

Wageni wa kazi yetu inabidi waelezwe jambo moja. Kitabu kikishashonwa, mgongo wake hupakwa gundi, ukabandikwa ukanda wa karatasi, ndipo jalada likaja juu. Ukanda ule hauonekani tena na mtu. Kwa hiyo siku zile hatukupoteza karatasi nzuri humo, tulikata chochote kilichokuwepo, magazeti, kalenda za mwaka uliopita, kurasa zilizoharibika. Suresh alikata barua zake. Akipokea barua aliisoma mara moja wakati wa chai, akaikariri, kisha akailaza juu ya meza, akaweka rula ya chuma na kuikata kanda. Alisema barua ikishasomwa imemaliza kazi, na karatasi inayokaa kwenye sanduku ni mzigo. Jamaa zake wote wa Kisumu wamelala ndani ya migongo ya vitabu vya London, na wasomaji hawajui.

Basi ikaja 1972. Suresh alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Jayanti, mwenye duka la vitambaa Jinja. Mama yao, ambaye wao humwita Ba, alikuwa akiishi kwa huyo mdogo. Amri ya kuwafukuza Waasia Uganda ilipotoka, Jayanti alikuwa ameshachukua uraia wa Uganda, na serikali ya huko ikaukataa. Uingereza nayo ikasema si wake. Akawa si wa nchi yoyote. Umoja wa Mataifa ukawapeleka watu wa namna hiyo kwenye makambi ya Ulaya, naye na Ba wakaangukia kambi moja huko Austria, katikati ya msitu.

Novemba Jayanti aliandika kueleza walipo. Suresh akamjibu, na jibu lile nalijua kwa sababu alinitafsiria mwenyewe kwa fahari, sentensi baada ya sentensi. Alimwambia ndugu yake ana bahati. Alimwambia serikali imemtua kwa siku tisini mizigo ambayo yeye ilimchukua miaka kuitua. "Una sahani moja, una blanketi moja, na una msitu mzima. Usiwasikilize wanaolalamika. Sikiliza miti." Akanakili na maneno kutoka Kitabu cha Kijani, ukurasa mzima.

Ningependa kuandika kwamba nilimzuia. Sikumzuia. Nilisema ni barua nzuri, maana Kiswahili chake siku hiyo kilikuwa safi na mimi nilikuwa najivunia kazi yangu.

Majibu yalifika katikati ya Januari 1973, karatasi mbili zilizojaa Kigujarati. Aliifungua barua wakati wa chai. Alisoma karatasi ya kwanza, na uso wake ukabadilika rangi. Baadaye aliniambia mdogo wake alimwita mwalimu wa upumbavu, mtu aliyekaa karibu na bomba la maji ya moto akiwasifu wanaotetemeka. Ile ya kwanza aliichana akaitupa. Ya pili hakuisoma. Nasema tena ieleweke, hakusoma hata mstari. Aliilaza juu ya meza, akaweka rula, akaikata kwa upana wake kanda sita. Palikuwa na nakala arubaini za Kitabu cha Kijani zinangoja, migongo juu, na kanda zile zikaingia kwenye sita kati ya hizo, pamoja na magazeti kwenye nyingine. Aliyepaka gundi ni mimi. Nilimwona anamwaga gundi mezani, nikachukua brashi kumsaidia. Ijumaa vitabu vikapakiwa garini, vikagawiwa maktaba za pande zote za mji.

Hasira hasara, tunasema, lakini hasara haiji siku hiyohiyo. Ilimchukua wiki sita hasira kumtoka. Akaandika kambini kuomba radhi, barua ikarudi: Jayanti ameshaondoka, amekwenda Canada. Canada wapi? Hawakujua. Akaandika kwa mashirika, majibu yakawa ya adabu na hayana kitu. Mwaka uliofuata nyumba aliyopanga ikabomolewa, akahamia mtaa mwingine. Hapo ndipo alipokuja mezani kwangu akaniambia kwa sauti ndogo, "Bi Mwanabaraka, ile karatasi ya pili. Huenda aliandika anakwenda wapi."

Tangu siku hiyo, enyi mliokuja juzi na kujiuliza kwa nini kitabu cha kijani kikiingia humu kazi husimama, sababu ndiyo hiyo. Vitabu vya maktaba hurudi kwetu vikichakaa. Kila nakala iliyorudi aliifumua mwenyewe, akailowesha mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akaubandua ukanda polepole kama mtu anayemwondolea mtoto plasta. Nyingi zilitoka na matangazo ya mpira. Kisha alikijalidi kitabu upya, bora kuliko kilivyokuja, na hakuomba ovataimu hata siku moja.

Ukanda wa kwanza alipata 1975. Ulikuwa na mistari minne: "Unaniandikia kuhusu miti. Hapa miti inatuzuia tusione barabara. Msitu wako una njia ya kutokea, wangu una askari." Wa pili, 1977, ulizungumzia foleni ya supu na namba waliyotundikiwa shingoni. Wa tatu ulikuja 1980 kutoka maktaba moja karibu na Edgware Road. Aliubandua, akausoma, akakaa chini kwenye sakafu. Ba alikuwa amefariki kambini tarehe kumi Desemba. Alijua kwamba mama yake amekufa miaka saba baada ya kifo chenyewe, kwenye mgongo wa kitabu, akiwa na aproni.

Tulisimamisha mashine. Tarsem, yule asiye na breki, ndiye aliyemwinua, akamkalisha kwenye kiti chake.

Wa nne, 1983, uliendelea na habari za Ba, kwamba mpaka siku ya mwisho alikuwa akiuliza kama Suresh huko London amepata blanketi la kutosha. Wa tano, 1988, ulieleza jinsi walivyouchoma mwili wake kwa ruhusa ya maofisa wasiojua wanachokiruhusu. Ukabaki mmoja. Kanda zenyewe alizihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, yeye ambaye hakuwahi kuhifadhi karatasi.

Katikati ya miaka hiyo alibadilika bila kutangaza. Alianza kula ndani pamoja nasi. Akanunua kijiko cha pili. Alhamisi mchana akaanza kutusomea Kitabu cha Kijani na kutuuliza tunaonaje, na naweza kusema kwamba Tarsem na mimi tumesoma fasihi kuliko wengi wenye digrii. Hakukikana kitabu. Alisema yaliyomo ni kweli, jani la mti ni kweli, na mtu asiyeweza kukaa peke yake hata saa moja ni maskini. "Lakini walioandika," akasema, "jioni walijua nani atawapokea." Ile taa iliyo ndani ya mtu, akasema, yeye aliitumia kujimulika mwenyewe.

Jedidah wa chumba cha kufungia mizigo, ambaye nyumbani kwao ni Murang'a na hapa anakaa Thamesmead, aliajiriwa 1986 na akaisikia habari hii siku yake ya pili. Tangu hapo hakupita meza ya vitabu vya zamani bila kupekua. Sikumtuma mimi wala hakutumwa na Suresh. Jumamosi ya tarehe 17 mwezi huu, kanisani kwao kulikuwa na mnada wa vitu vikuukuu, na ndani ya boksi, chini ya vitabu vya mapishi, akakiona. Jumatatu alinijia mbio kabla hata hajavua koti. "Mwanabaraka, angalia, si hii ndiyo ile kitabu ya Mzee?"

Kati ya zile arubaini, ilikuwa nakala ya thelathini na nane kuturudia. Suresh alikuwa amebakiwa na siku kumi za kazi.

Safari hii aliniomba nifumue mimi. Nikakata uzi niliouvuta mwenyewe miaka ishirini iliyopita, nikalowesha mgongo, nikabandua. Kigujarati sikijui, lakini mwandiko ule nilikuwa nimeshauzoea. Nikampa. Akatoa kopo lake, akazipanga zile tano, akauweka wa sita chini kabisa, mahali pake. Alisoma kimya. Kisha akanisomea kwa Kiswahili, taratibu, bila kosa hata moja:

"Majivu ya Ba ninayo mimi. Wewe ndiye mtoto wa kwanza, ni haki yako kuyatia majini. Nimepata kibali cha kupita London siku moja. Jumamosi, tarehe tatu Februari, saa kumi alasiri, stesheni ya Victoria, nitasimama chini ya saa kubwa. Njoo uyapokee. Usipokuja nitajua umechagua kukaa peke yako kama kitabu chako, na mimi sitakusumbua tena."

Hapakuwa na anwani. Miaka yote alikuwa akitafuta anwani.

Tarehe tatu Februari 1973 ilikuwa Jumamosi. Nimejaribu kukumbuka Suresh alifanya nini siku hiyo. Ameniambia anakumbuka vizuri. Alikwenda kukaa chini ya mti wake kando ya mfereji, akiwa na hasira bado, akala mkate, akasoma. Kutoka hapo mpaka Victoria ni safari ya saa moja. Mdogo wake alisimama na majivu ya mama yao mikononi, watu wakimpita, akamngoja mtu ambaye alikuwa akisoma habari za kujitosheleza.

Nimeona mambo katika umri wangu, nimeacha nyumba yenye sufuria bado motoni. Lakini sijawahi kuumia kwa ajili ya mtu mwingine kama nilivyoumia Jumatatu ile, na gundi niliipaka mimi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mikono yako ilikuwa inasaidia, Bi Mwanabaraka. Yangu ndiyo iliyokata."

Halafu alifanya nini? Alichukua nakala ile ya thelathini na nane akaijalidi upya. Akaweka ukanda wa karatasi nyeupe mgongoni, isiyo na neno. Amempa Jedidah airudishe kanisani kwao, kwa sababu, anasema, huenda pale Thamesmead kuna mtu anayehitaji kuambiwa kuhusu miti, mradi na watu wake wawepo.

Mnajua kwamba hakutaka zawadi. Jennifer alipendekeza saa ya ukutani, Tarsem akapendekeza kiti cha bustani, yeye akakataa vyote viwili. Aliomba jambo moja tu. Jarida hili husomwa katika maktaba zote tunazozihudumia, na maktaba huwa na wasomaji wenye ndugu Canada. Kwa hiyo ameniomba niandike hivi, nami naandika kama alivyosema.

Kuanzia kesho yake ya kustaafu, Jumamosi tarehe 31 Julai, Suresh Vadgama wa Kisumu atakuwa stesheni ya Victoria, chini ya saa, saa kumi alasiri. Atakuwa hapo kila Jumamosi. Anayemjua Jayanti Vadgama aliyekuwa na duka la vitambaa Jinja, amwambie kwamba barua yake imesomwa yote. Amwambie kaka yake amekuja.

Tarsem alimuuliza atasimama pale mpaka lini. Akajibu kwamba ametafuta kanda sita kwa miaka kumi na tisa, hivyo kungoja si kazi ngeni kwake. Sidhani kama Jayanti atakuja. Naandika hivyo kwa kuwa nilikatazwa kupamba. Pengine hayupo tena duniani, na kama yupo, ana haki yake ya kukasirika.

Kwa niaba ya meza ya kushona, mashine ya kukatia na chumba cha mizigo, ahsante, Sureshbhai. Ahsante kwa kila mgongo ulionyoosha, kwa zile Alhamisi, na kwa kukubali mwishoni kula ndani. Tunakutakia maisha mema na afya ya miguu, maana stesheni ile haina viti vya kutosha. Kitabu chako kilikutakia upweke. Sisi tunakutakia watu.

Jumamosi ya kwanza nitakuwepo na chupa ya chai ya maziwa. Jedidah anakuja pia. Tarsem anasema ana shughuli, lakini ameshaniuliza tunakutana saa ngapi.